Zege Linalokunywa Mpaka Likanywea

Jua lilikuwa halijatoka sawasawa fundi alipopanda juu ya slabu akiwa na mpira wa maji begani. Zege lilikuwa limemwagwa jana yake, karai kwa karai, vijana wakipokezana kwenye ngazi ya mbao mpaka magharibi ikaingia. Mimi nilidhani nimekuja kuangalia kazi iliyokwisha, kumbe yeye ndiyo kwanza anaanza nyingine. Alitandaza magunia ya katani yaliyochakaa, akaanzia upande wa mashariki ambako jua lingetangulia kupiga, akayalowesha mpaka maji yakachuruzika kwenye mbao za boksi. Aliporidhika alinishika mkono, akanionyesha kibaraza cha banda la zamani pale chini. Ufa mwembamba kama uzi wa kushonea ulikuwa umekikata katikati, kutoka ukutani hadi ukingoni.

"Kile hatukukiwahi maji," alisema. "Kikanywea."

Nilimwuliza kwa nini hakusema kimesinyaa. Akacheka. "Mwanangu, kusinyaa ni kwa majani. Zege linanywea."

Jibu hilo nimekaa nalo muda mrefu kuliko alivyokusudia. Mtu aliyeugua wiki tatu akatoka na mashavu yaliyoingia ndani, tunasema amenywea. Aliyesutwa mbele za watu akajikunyata kwenye kiti, naye amenywea. Kwa umbo, neno lenyewe ni kunywa lililonyambuliwa, ingawa anayelitamka hawazi maji hata kidogo. Kibaraza kile, kwa haki, kilikaushwa na jua na upepo, kwa hiyo fundi alilitumia neno kwa kuliazima. Lakini lipo zege jingine ambalo neno hilo linalienea kama kanzu iliyopimwa kwa mwenyewe. Zege hilo hupungua mwili kwa sababu limeyanywa maji yake lenyewe. Ulifunge kwenye plastiki, ulifiche kivulini, usiruhusu hata tone moja litoroke. Bado litanywea, na kasi kubwa ya kunywea kwake iko katika siku ya kwanza.

Ajabu yake nyingine ni kwamba hilo ndilo zege imara kuliko yote ambayo binadamu amejifunza kuyachanganya.

Mifuko kumi na sita

Wahandisi huliita zege la uwezo wa juu kupindukia. Humu nitaliita zege kali. Zege la kawaida la nyumba, likipimwa baada ya siku 28, huhimili mgandamizo wa megapaskali 20 hadi 30. Zege kali huanzia 120 au 150, kutegemea kanuni za nchi, na 200 si jambo la kushangaza.

Mbegu yake ilipandwa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kampuni ya ujenzi ya Bouygues, na majina yanayotajwa zaidi ni Pierre Richard na Marcel Cheyrezy. Walichofanya kingemshangaza fundi yeyote wa mtaani: waliondoa kokoto. Zege la kawaida linapovunjika, udhaifu huanzia mara nyingi pale saruji inapogusana na kokoto. Basi wakabakiza mchanga laini wa silika, unga wa mawe yaliyosagwa, saruji nyingi, na vumbi la silika linalovunwa kwenye moshi wa matanuri ya kuyeyushia silikoni, ambalo chembe zake ni ndogo mara mia hivi kuliko za saruji. Chembe kubwa zikaacha nafasi, za wastani zikaingia humo, na ndogo kabisa zikaziba palipobaki, kama gunia la nazi ulilolimwagia dengu kisha ulezi. Mahali pa nondo wakatia nyuzi za chuma, nyembamba kama sindano, zenye urefu wa milimita 13 hivi. Maji wakayabana kabisa, na uji ule usiotaka kutiririka wakaulegeza kwa dawa ya kulainisha.

Mwaka 1997 zege la ukoo huo lilivuka Mto Magog mjini Sherbrooke, katika jimbo la Quebec nchini Canada. Ni daraja la waenda kwa miguu lenye urefu wa mita 60, na sakafu yake ina unene wa milimita 30 tu; vidole viwili ukivilaza. Halina nondo za kawaida, linashikwa na nyaya za chuma zilizovutwa. Pale hatua za watu na theluji ya Canada vinabebwa na kitu chembamba kama ubao wa meza.

Sasa tupige hesabu ya maji, maana mgogoro wote umo humo. Mita moja ya ujazo ya zege zuri la kawaida inaweza kula kilo 350 za saruji, yaani mifuko 7, na lita 175 za maji. Mita ya zege kali inaweza kula kilo 800, mifuko 16, lakini maji yake ni kama lita 160. Ni nyumba iliyoongeza wanywaji zaidi ya maradufu, mtungi ukabaki uleule, tena pungufu kidogo.

Utupu wa ndoo moja na ushei

Tuna mazoea ya kusema saruji imekauka. Kwa kweli saruji haigandi kwa kukauka. Inaungana na maji, chembe kwa chembe, na maji yale hugeuka kuwa sehemu ya jiwe. Ndiyo maana zege huganda hata chini ya bahari.

Mkemia Mfaransa Henry Le Chatelier alionyesha mwaka 1900 kwamba muungano huo una hasara ya ukubwa. Kinachozaliwa huchukua nafasi ndogo kuliko saruji na maji vilivyokizaa. Jambo hilo unaweza kuliona kwa macho: jaza chupa ya shingo nyembamba kwa uji wa saruji, ongeza maji mpaka shingoni, uiache. Kesho yake maji yameshuka, na hakuna aliyeyanywa isipokuwa saruji. Kwa kila gramu 100 za saruji zinazoungana kikamilifu, hupotea kama sentimita 6 za ujazo.

Katika miaka ya 1940, Wamarekani T. C. Powers na T. L. Brownyard walipima kiu yenyewe. Matokeo yao bado ni kanuni ya mkononi: katika chombo kilichozibwa, kila kilo 100 za saruji zinahitaji kama kilo 42 za maji ili zishibe zote. Mifuko yetu 16 ingetaka lita 336, na tumeipa 160. Kwa hiyo, fanya ufanyavyo, karibu nusu ya saruji ile haitapata maji kamwe. Itabaki humo ndani kama vijiwe vidogo vigumu, na hilo peke yake si baya, kwani vijiwe hivyo navyo hubeba mzigo.

Nusu iliyokunywa ndiyo inayoleta kazi. Kilo 400 zikiungana na maji, hasara ya Le Chatelier inafika lita 24 hivi katika kila mita ya ujazo. Chukua ndoo ya lita 20 na majagi mawili ya lita mbili mbili: huo ndio utupu unaotakiwa kupatikana mahali fulani. Wakati zege bado ni uji, halina shida nao, hushuka tu likajaza. Lakini likishashika, mifupa yake imesimama, haiwezi tena kushuka kama uji. Utupu unabaki ndani, katika vitundu visivyoonekana kwa jicho, na maji yanayorudi nyuma humo ndiyo yanayoanza kuvuta kuta.

Kanga iliyolowa

Anayetaka kuelewa mvuto huo aende pwani na kanga. Mwanamke akiwa ndani ya bahari, kanga yake inaelea huku na huku, haimgusi. Akitoka majini, kanga ileile inamng'ang'ania mwilini mpaka kuibandua ni kazi. Kanga haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna hewa upande mmoja na maji upande wa pili, na uso wa maji unapokutana na hewa hujivuta kama ngozi ya ngoma. Kanga ikikauka kabisa, inaachia tena. Mtoto anayejenga nyumba ya mchanga ufukweni anaijua siri hiyo bila kufundishwa: mchanga mkavu humwagika, uliofunikwa na maji hutiririka, lakini uliolowa kiasi hushikamana.

Ndani ya zege kali kila kitundu kina kanga yake. Kadiri saruji inavyokunywa, maji huondoka kwanza kwenye vitundu vikubwa, yakajikusanya kwenye vidogo, na uso wa maji katika kitundu kidogo huvuta kwa nguvu zaidi. Unyevu wa hewa humo ndani ukishuka hadi asilimia 80, jambo la kawaida kwa zege la namna hii, hesabu za fizikia zinatoa mvuto wa megapaskali 30 hivi katika maji yaliyobaki. Hiyo ni kama mara 300 ya uzito wa hewa unaotukandamiza sisi juu ya ardhi. Vumbi la silika, lililotiwa ili kuziba mianya, linazidisha mambo kwa sababu limevifanya vitundu kuwa vidogo zaidi. Kile kile kilicholipa zege uimara wake ndicho kilichokaza kamba.

Mwili unaitika. Vipimo vya zege kali lililozibwa lisitoe maji hukuta mara nyingi upungufu wa sehemu 500 hadi 1,000 katika kila milioni ya urefu. Tukishika 800, boriti ya mita 10 inafupika kwa milimita 8. Zege la kawaida lenye maji ya kutosha halifiki hata sehemu 100 kwa njia hii. Adui wake ni jua na upepo, na fundi wangu na magunia yake wanapigana naye ipasavyo.

Milimita 8 ni nyingi kiasi gani? Zege la kawaida huweza kunyooshwa sehemu 100 hadi 150 katika milioni kabla ya kupasuka. Ukilishika zege kali kwa ncha zote mbili ukalizuia kupungua kwa 800, umelitaka linyooke mara kadhaa ya uwezo wake. Kinachoiokoa hali kidogo ni ujana: zege la siku ya kwanza bado lina ulegevu, hujinyoosha polepole na kupunguza sehemu ya mvuto. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Hapa inafaa kuongeza kwamba udongo huu unajiwahi wenyewe.

Sifuri ni saa ngapi?

Kuupima unyweaji huu kulisumbua watu kwa miaka. Jina lake la kitaalamu, linalomaanisha kupungua kunakojizaa kwenyewe, lilitumiwa na Mwingereza C. G. Lynam tangu 1934, lakini katika zege la maji mengi lilikuwa jambo dogo la kupuuzwa. Lilipokuja zege lenye maji haba ndipo ikabidi kutafuta kipimo.

Kimoja kilichozoeleka kilibuniwa Denmark na Ole Mejlhede Jensen na Per Freiesleben Hansen, wakakichapisha mwaka 1995. Ukikiona utasema ni bomba la kupitishia nyaya za umeme: mrija wa plastiki wenye mikunjo, urefu wa sentimita 42 hivi, unene wa sentimita 3 kasoro. Unajazwa uji wa saruji, unazibwa ncha zote, unalazwa kwenye vyuma viwili ndani ya chumba chenye joto lisilobadilika, na kwenye ncha moja kunawekwa kipimio kinachosoma hadi sehemu moja ya elfu ya milimita. Mikunjo ndiyo werevu wake. Uji ukiwa laini, bomba la kawaida lingeubana. Hili linafuata kila linachofanya zege, kama akodioni. Kwa kupungua kwa sehemu 800, zege la mrija huo hufupika kwa theluthi moja ya milimita, na kipimio kinaandika hatua baada ya hatua usiku kucha.

Lakini uanze kusoma saa ngapi? Ukianza mapema mno, umehesabu kushuka kwa uji ambako hakumdhuru mtu. Ukianza asubuhi kwa kuwa ulikwenda kulala, zile saa za baada ya zege kushika, ambamo mstari unashuka kama jiwe, zimekupita. Dawa ya kulainisha nayo huchelewesha kushika, kwa hiyo mchanganyiko mmoja unaanza kazi baada ya saa tano, mwingine baada ya kumi na tano. Maabara mbili zinaweza kupima zege lilelile, moja ikasema 900 na nyingine 500, na zote zikawa zimesoma vizuri. Tofauti ni kwamba hazikukubaliana sifuri iko wapi. Anayesoma takwimu za bidhaa hizi angeuliza swali hilo kwanza kabla ya kushangilia namba ndogo.

Ngozi changa juu ya mwili mkongwe

Kunywea hakuna ubaya kama hakuna anayekuzuia. Waliojenga daraja la Sherbrooke walilitumia jambo hilo kwa akili. Sehemu sita za daraja zilimwagwa kiwandani, kisha zikapikwa kwa mvuke wa nyuzijoto 90 kwa siku mbili. Mvuke uliharakisha kiu yote. Zege lilikunywa lilichokuwa nacho, likapungua lilivyotaka kupungua, na lilipofika mtoni halikuwa na kunywea kwa maana kulikobaki. Sehemu ngumu ya kazi kama hiyo ni saa zile za kabla ya mvuke, zege likiwa bado ndani ya ukungu wa chuma. Ukungu haupungui. Ukichelewa kuulegeza, hasa ule wa katikati unaozungukwa na zege, zege litaukumbatia mpaka lipasuke. Kwa hiyo viwandani boksi hulegezwa mara tu zege linapoweza kujisimamisha, hata kama ni saa tisa za usiku.

Uswisi walichagua njia ngumu zaidi. Kando ya Ziwa Geneva, juu ya ngome ya Chillon, zinapita barabara mbili za juu za mwendokasi, zenye urefu wa kilomita 2.1, zilizojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Iligunduliwa kwamba zege lake lina ugonjwa wa kemia ambao mawe yake yanagombana na saruji na kuvimba polepole. Badala ya kuzibomoa, majira ya joto ya 2014 na 2015 zilivikwa tabaka la zege kali lenye nyuzi za chuma, unene wa sentimita 4 hivi, kwa uongozi wa kitaalamu wa Eugen Brühwiler wa chuo kikuu cha EPFL mjini Lausanne. Fikiria hali ya tabaka hilo. Lina siku moja ya umri, lina kiu, linataka kupungua kwa mamia ya sehemu katika milioni, na limegandana uso mzima na zege la miaka 45 lisilokusudia kusogea.

Kinachotokea ni kwamba linavutika kila upande, na kama lingekuwa zege la kawaida, lingepasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Nyuzi za chuma ndizo zinazobadili mwisho wa hadithi. Zikiwa nyingi vya kutosha, asilimia 3 au zaidi ya ujazo kwa kazi za namna hii, ufa mmoja ukianza kufunguka nyuzi huushika, nguvu ikahamia pembeni, ukaanza mwingine, nao ukashikwa. Badala ya ufa mmoja ambao maji ya chumvi yangeingilia mpaka kwenye nondo, unapata mikwaruzo mingi myembamba kuliko unywele, ambayo maji hayapiti kwa urahisi. Zege limenywea, limezuiwa, na bado linaziba.

Kuna mambo mawili kwenye kazi hizo ambayo fundi wa kwetu angeyatambua mara moja. La kwanza, uso wa zege la zamani hukwaruzwa na kuloweshwa kabla ya kumwaga jipya. Ni sababu ileile inayomfanya mwashi amwagie tofali maji kabla ya kulilaza: kavu hunyonya. Zege kali halina hata tone la kumgawia jirani. La pili ni haraka ya kufunika. Zege la kawaida likimwagwa hutoa jasho, maji hupanda juu yakalilinda kwa muda. Zege kali halitoi. Upepo ukiligusa, dakika chache tu uso wake unaota ngozi ngumu yenye mikunjo, ambayo watumiaji wake huiita ngozi ya tembo, huku chini yake bado ni uji. Kwa hiyo anayelisawazisha hufuatwa nyuma kwa hatua na anayekokota plastiki.

Kulinywesha kwa ndani

Mtu atauliza: kama shida ni kiu, si limwagiwe maji tu? Hapo ndipo mpira wa fundi unapogonga ukuta. Zege kali limebanana sana. Maji ya juu huingia milimita chache, yakaishia hapo. Moyo wa boriti hauna habari kwamba nje kuna mvua. Na ukiongeza maji kwenye mashine ya kuchanganyia, umeua uimara uliokuwa unautafuta. Maji yanatakiwa yawemo, lakini yawe yamefichwa, yatoke wakati saruji inapoyaita.

Mwaka 2001 Jensen na Hansen walieleza njia ambayo kila mzazi ana mfano wake nyumbani. Katikati ya nepi ya mtoto kuna punje za polima zinazonyonya maji mara nyingi ya uzito wake na kuvimba kama jeli. Punje hizo zikitiwa kwenye zege likichanganywa, hujaa maji, zikatawanyika kila mahali kama visima vidogo. Unyevu ukianza kushuka, kila kisima kinaachia. Mwaka 2006, wakati wa Kombe la Dunia, banda lenye kuta nyembamba za zege la nyuzi lilijengwa Kaiserslautern nchini Ujerumani kwa njia hiyo. Gharama yake ni kwamba kisima kikikauka kinaacha shimo, na mashimo hupunguza uimara kwa kiasi. Mhandisi anachagua ni punje ngapi zinamtosha. Wengine hutumia dawa inayolegeza ule uso wa maji, ili kanga ishike kwa upole zaidi, au unga unaovimba ili kurudisha kilichopungua.

Njia inayotugusa sisi ilitoka kwa Mvietnam Nguyen Van Tuan na wenzake katika chuo kikuu cha teknolojia cha Delft, Uholanzi. Walichukua majivu ya maganda ya mpunga, wakayaweka kwenye zege kali mahali pa vumbi la silika. Sehemu kubwa ya majivu hayo nayo ni silika. Lakini wakati chembe za vumbi la silika ni duara zisizo na tundu, chembe ya jivu la mpunga ni kama sifongo, imejaa vijumba vilivyoachwa na ganda lenyewe. Humo maji hujificha, kisha hutoka. Katika matokeo yao ya 2011, zege lilipata uimara wa kutosha na kunywea kwake kukapungua sana.

Anayepita Mbarali, Kyela au Mwea msimu wa mavuno ameyaona maganda hayo, vichuguu vinavyozidi paa la mashine ya kukoboa. Mengine huishia kuchomea matofali. Tahadhari ni moja: jivu la tanuri la matofali silo hilo. Moto ukizidi na kudumu, silika hujipanga upya ikawa fuwele, ikapoteza hamu ya kuungana na chochote. Jivu linalofaa huchomwa kwa joto linaloongozwa, chini ya nyuzijoto 700 hivi, kisha likasagwa. Malighafi tunayo kwa malori; kinachodaiwa ni tanuri lenye kipimajoto na mtu wa kulikesha.

Mkono chini ya gunia

Huhitaji kumwaga zege kali ili somo lake likufae. Nguzo za magorofa na boriti za madaraja siku hizi huchanganywa kwa maji machache kuliko zamani, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo unywaji wa ndani unavyoanza kuonekana. Pierre-Claude Aïtcin, profesa wa Sherbrooke, alilihubiri jambo moja kwa miaka mingi: zege la namna hiyo lipewe maji mara tu linaposhika, mapema kabisa, kabla vitundu vyake havijafungana. Maji ya siku ya kwanza bado yanapata njia ya kuingia. Maji ya siku ya tatu, hata yawe pipa zima, yanaosha uso tu. Ile desturi ya kuahirisha umwagiliaji mpaka boksi la nguzo lifunguliwe Jumatatu ina gharama ambayo haionekani Jumatatu hiyo.

Niliyasema haya yote kwa fundi siku ya saba, tukiwa tumekaa kwenye tofali za akiba, yeye na chai yake ya rangi. Habari ya nepi ilimchekesha mpaka akaweka kikombe chini. Ya maganda ya mpunga aliisikiliza kimya, kisha akaniuliza gunia la majivu lingeuzwaje. Mwishoni akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Sasa hao jamaa wanajuaje kama limeshiba?"

Nikamweleza kwamba hufukia humo kipima unyevu kidogo kama kidonge, chenye waya unaotoka nje, wakasoma namba kwenye kompyuta.

Akatikisa kichwa, akainuka, akapanda ngazi. Nilimfuata. Aliinua ncha ya gunia la upande wa mashariki, akapitisha kiganja chake chini yake, akakiacha hapo kwa muda, jinsi mama anavyogusa paji la uso wa mtoto aliyeamka na homa. Kisha akafunika, akaenda kufungua maji.

"Limepoa," alisema. "Lakini bado linakunywa."